Twiga wa Maweni

Fulana yangu nyekundu haifuliwi maadamu tunashinda.
Dama, mke wangu, huitoa nje kwa kijiti
kama anayetoa nyoka,
akaitundika mperani: "Ushindi wenu unanuka."

Ndimi huyo, Charo wa Nzai, mwenye funguo za makumbusho.
Miaka kumi na tisa nawafungulia wageni mlango ule ule,
nawaonyesha nguzo, sahani ya samawati iliyopasuka,
halafu nawapa habari za twiga:
kwamba mwaka wa elfu moja mia nne na kumi na tano
alitolewa hapa Malindi akavushwa hadi Uchina,
na mfalme wa huko akatoka mlangoni kumlaki.
Wageni hucheka. Huuliza njiani alikula nini.
Hilo, huwajibu, halikuandikwa.

Binti yangu Mapenzi ana miaka kumi na sita
na huinama kupita mlango wa jikoni.
Ni kipa. Mikono yake ukiitazama
utadhani ameazima kwa mtu mwingine.
Alhamisi twenda Ganda kwa hawe yake,
na sukari tuliyokatazwa kumpelekea.
Hawe humpima kwa leso toka kisigino,
leso huishia kifuani, naye husonya:
"Huyu atavishwa tanga."
Mapenzi hudaka malimau anayorushiwa na binamu zake,
moja baada ya jingine, bila kuangalia.

Jumamosi ile mambo yaligongana.
Saa tisa unusu, Maweni na Ganda, fainali ya wasichana.
Saa tisa unusu, timu yangu na mahasimu wake wa tangu jadi,
kwa Kahindi, viti vya plastiki, shilingi hamsini,
nami nilikuwa nimeshalipa.
Msinihukumu. Nilisimama njia panda, kwa muuza viazi karai,
muda mrefu kuliko inavyompasa baba.
Nisiseme ni mapenzi yaliyonivuta.
Ilikuwa stima. Ilikatika mtaa mzima.

Nikafika kashafungwa moja.
Wa Ganda wamejipanga nyuma ya goli lake, wamemtungia:

    Twiga we, rudi mbugani,
    wafanyani uwanjani?
    Shingo yafika angani,
    mpira u miguuni!

Nakiri, mizani ilikuwa sawa.

Sijui nilipatwa na nini, mtu mzima, fulana inanuka.
Nilipanda juu ya tofali. "Twiga wa Malindi," nikapaza,
"alilakiwa na mfalme! Mlangoni!
Nyinyi nani amewahi kuwalaki?"
Kimya. Mtoto mmoja wa kwetu akaangua kicheko,
kisha akainama. Wakainama wengine.
Kila Mapenzi aliposhika mpira, upande wetu wote chini,
vipaji vya nyuso karibu na mchanga,
hata muuza barafu, na kisanduku chake mgongoni.

Tulifungwa la pili hata hivyo.
Mpira wa kudakwa na hawe ulimpita kwapani.
Lakini alikuwepo mwalimu wa shule moja ya Kakamega,
mama mfupi mwenye kofia,
akaandika jina la mwanangu kiganjani mwake kwa kalamu.
Ada, viatu, chakula: yote juu yao.

Usiku stima ilirudi. Timu yangu ilishinda, mabao manne.
Sikuona hata moja.
Mapenzi alikuwa uani anafua glavu zake
na, bila kuniuliza, fulana yangu.
"Baba, yule twiga. Alirudi?"

Miaka kumi na tisa. Wazungu, Wachina, watoto wa shule,
hakuna aliyewahi kuuliza hilo.
"Halikuandikwa," nikasema.
Akaikamua, maji mekundu yakafuata mteremko.
Dama aliinua macho toka kwenye unga wa mahamri,
akayarudisha.

Jumatatu nilifungua mlango. Nguzo. Sahani.
Nilipofika kwa twiga nikasema: walimchukua.
Wageni wakangoja vile vya mfalme.
Nikawauliza mimi:
mwadhani, safari yote ile,
kuna aliyejua anachopenda kula?